Elfu tano ya Nanyuki si elfu tano ya Waiyaki Way

Jumamosi moja nilikuwa naosha gari pale kwa ploti, nikafungua mlango wa dereva nipanguse ule ukingo wa ndani ambao huwa hakuna mtu anaukumbuka, na hapo chini karibu na bawaba nikaona stika. Ndogo, imefifia, maandishi ya Kijapani na namba zilizoandikwa na kalamu. Hiyo Toyota Fielder yangu nimekaa nayo miaka na sikuwa nimewahi kuiona.

Nikaipiga picha, simu ikatafsiri. Stika ya oili. Ile namba 30 ilikuwa mwaka wa Heisei wa 30, yaani 2018 kwetu sisi, na chini yake mwenye gari wa kwanza ameandikiwa arudi lini kubadilisha oili: baada ya mwaka mmoja ama kilomita elfu kumi, itakayotangulia.

Elfu kumi!

Na mimi hapo chini ya usukani nina kadi ya fundi imefungwa kwa uzi, inaniambia elfu tano. Injini ni ileile, haikubadilishwa ikiwa melini.

Basi hiyo kitu ikanikaa kichwani wiki kadhaa. Niko kwa jam naiwaza, niko kwa foleni ya benki naiwaza. Kwa sababu mmoja kati ya hao wawili, yule Mjapani ama huyu fundi wangu, hajui anachosema. Ndivyo nilivyodhani wakati huo.

Fundi hana shaka

Nikamuuliza fundi kwanza, kule Grogan, mtaa wa magaraji hapa Nairobi. Hakuinua hata kichwa.

"Madam, Japan ni Japan, Kenya ni Kenya. Oili ni damu ya gari."

Hiyo ya damu kila fundi wa Nairobi huisema, na mimi huwa naishangaa, kwa sababu sijaona mtu anamwagwa damu yote kila miezi mitatu anajazwa nyingine akaitwa mzima. Lakini sikubishana. Alikuwa chini ya gari ya mtu na mikono imejaa grisi, si wakati wa falsafa.

Nikaenda kusoma mwenyewe. Nikagundua kwamba hii namba yetu ni ndugu wa karibu wa ile ya Marekani ya zamani, maili 3,000, ambayo ukiigeuza inakuwa kilomita 4,800 na kitu. Ilikuwa na maana enzi ya injini za kabureta na oili za wakati huo. Huko kwao wenyewe wameshaanza kuikana, jimbo la California lilifanya hadi kampeni ya kuwaambia watu waache kumwaga oili kila maili 3,000, wafungue kitabu cha gari waone kinasema nini. Toyota wa Marekani, kwa gari zao nyingi mpya zinazotumia ile oili nyepesi ya 0W-20 ya sinthetiki, wanasema maili 10,000, yaani kama kilomita 16,000. Volkswagen kule Ulaya wana mpango wao wa oili ya maisha marefu unaofika mpaka kilomita 30,000 ama miaka miwili.

Thelathini elfu. Hapo nikakasirika kabisa.

Maana oili yenyewe imebadilika. Ukiangalia nyuma ya galoni kuna daraja la API, ile taasisi ya mafuta ya Marekani, herufi mbili. SN ilikuja 2010, SP ikaja 2020, na kila daraja jipya linadai oili isafishe zaidi, isiungue haraka, ilinde cheni ya injini. Lakini hapa mtu anakuuzia SP ya 2020 halafu anakuandikia kadi kama ni oili ya babu yake.

Nikaanza kupiga hesabu ya pesa ambayo mafundi wamenila. Hesabu ilikuwa tamu sana, nikawa tayari hata kuiandikia makala ya kuwachoma wote.

Kitabu

Bahati nzuri niliamua kutafuta kwanza kitabu cha gari yangu. Wengi wetu tukinunua hizi gari za mtumba kitabu hukipati, na ukikipata ni Kijapani kinaishia kwa droo ya dashibodi kikikaliwa na stakabadhi za parking. Lakini Toyota wameweka vitabu vya gari za soko lao la Japan kwa intaneti, bure. Nikapakua, nikapeleka ukurasa mmoja mmoja kwa programu ya kutafsiri, usiku, chai pembeni.

Kwa injini ya petroli isiyo na tabo, ile pampu ya kusukumia injini hewa zaidi: kilomita 15,000 ama mwaka mmoja.

Karibu nipige makofi. Hata yule Mjapani wa stika alikuwa anamwaga mapema!

Halafu pembeni kuna safu nyingine ya namba. Matumizi magumu: kilomita 7,500 ama miezi sita. Nusu kamili. Na kwa petroli yenye tabo ni 5,000 ama miezi sita, ikiwa ni matumizi magumu 2,500 ama miezi mitatu. (Nyinyi wa Subaru za tabo, nendeni msome kitabu chenu mkirudi mniambie. Nawapenda lakini nawasikia mkinguruma Thika Road usiku.)

Sasa matumizi magumu ni nini? Nilidhani watasema jangwa, ama kuvuta trela. Lakini nikakuta hii: kuendesha sana kwa mwendo wa chini ya kilomita 30 kwa saa. Kukaa injini ikinguruma gari imesimama. Safari fupi fupi, za kilomita 8 kurudi chini. Vumbi. Milima.

Nikasoma hiyo orodha mara mbili. Mtu alikaa ofisini Japan akaandika maelezo ya Nairobi bila kujua, akayaita hali isiyo ya kawaida.

Masaa

Hapa ndipo hasira yangu kwa mafundi ilianza kupungua, na sikufurahia.

Mimi hutoka Kinoo kwenda Industrial Area, napitia Waiyaki Way. Ni kilomita kama ishirini. Asubuhi safari inachukua dakika tisini, na hiyo ni siku ambayo hakuna lori limelala Kangemi. Ukichanganya na Jumapili barabara ikiwa wazi, tuseme wastani wangu ni kilomita 15 kwa saa. Sasa gawanya 5,000 kwa 15. Unapata masaa 333 ya injini kuwaka.

Binamu yangu anauza dawa za mifugo, njia yake ni Nanyuki, Isiolo, siku nyingine Meru. Yeye wastani wake ni kama 60. Kilomita 5,000 zake ni masaa 83.

Kadi zetu mbili zinasema kitu kimoja, elfu tano. Lakini oili yangu imefanya kazi mara nne ya yake. Ili injini yake iwake masaa 333 kama yangu, lazima asukume kilomita 20,000.

Elfu ishirini!

Kwa hivyo hizo namba zote nilizokuwa nazitukana, 5,000, 10,000, 15,000, hakuna iliyo uongo. Ni kwamba kilomita ndiyo kitu pekee ambacho dashibodi inatuonyesha, tukakubali kwamba ndicho kinachochosha oili. Watu wa trekta na jenereta hawana hii shida, wao huhesabu masaa tangu zamani, jenereta haijawahi kwenda kilomita hata moja na bado inabadilishwa oili.

Mtu atasema, lakini kwa jam injini inazunguka polepole. Kweli, na nilijibishana na hiyo kwa siku kadhaa. Basi tuache masaa tuhesabu mizunguko. Tuseme kwa jam wastani ni mizunguko 1,000 kwa dakika, na kwa barabara ya Nanyuki 2,000. Masaa yangu 333 yanakuwa mizunguko milioni 20. Yake 83 yanakuwa milioni 10. Bado mimi ni mara mbili. Na hii si hesabu ya kujitungia, General Motors walianza mwaka 1988 kuweka kompyuta kwa gari inayohesabu mizunguko na joto la injini halafu inakuwashia taa oili ikikaribia kuchoka, bila kuangalia kilomita peke yake. Gari zetu nyingi za Japan hazina hiyo kitu. Tuna kadi na uzi.

Hizi za haibridi, zenye injini na mota ya umeme pamoja, nazo zina hesabu yao. Injini inazima kwa jam, kwa hivyo masaa yanapungua sana, lakini pia inawaka kidogo inazima kabla haijapata joto la kutosha, na hiyo kwa oili si neema. Mwenye Toyota Aqua asikimbilie kusherehekea.

Na Ulaya je

Nilirudi kwa ile 30,000 ya Volkswagen kwa sababu ilikuwa bado inaniuma. Ukiisoma vizuri ina masharti. Oili lazima iwe ya daraja lao maalum. Gari iwe na sensa ya kuamua siku. Na mafuta ya Ulaya yana salfa kidogo sana, tangu 2009 kiwango chao ni sehemu 10 kwa milioni. Sisi huku Afrika Mashariki dizeli ilikuwa sehemu 500, ndiyo ikashushwa hadi 50 Januari 2015. Salfa ikiungua inaleta asidi, na asidi ndiyo inakula ile dawa iliyowekwa ndani ya oili ya kuituliza. Dawa ikiisha, oili iko lakini haina kazi.

Kwa hivyo 30,000 ya Ulaya iache ibaki huko.

Imekuwa nyeusi

Kuna ule mchezo fundi anachomoa dipstiki, anapaka oili kwa kidole, anakuonyesha. "Ona madam, imekuwa nyeusi ti." Na wewe unaingiwa na aibu kana kwamba amekuonyesha soksi zako.

Nyeusi peke yake haimaanishi imekufa. Oili ina sabuni ndani yake, kazi yake ni kuokota masizi na uchafu iushikilie usigande kwa injini. Ikiwa nyeusi inaweza kuwa inafanya kazi yake vizuri kabisa, na injini ya dizeli ndiyo usiseme, unaweka oili mpya asubuhi jioni imeshageuka. Ukitaka kujua ukweli wake unapeleka sampuli maabara, wanapima chuma kilichosagika, petroli iliyoingia, na ile dawa imebaki kiasi gani. Wenye malori mengi hufanya hivyo. Mwenye Fielder moja hafanyi, na sidhani inafaa, bei ya kupima inakaribia bei ya kumwaga.

Mimi siku hizi naangalia vitu vingine. Nikifungua kifuniko cha kujazia oili nataka nione chuma safi, hata kama kimepakwa rangi ya kahawia kidogo. Nikiona ute mzito mweusi umeshikana chini ya kifuniko, hapo kuna hadithi ndefu na mwenye gari wa awali hakuisema.

Na kitu ambacho hakuna fundi amewahi kuniambia bila kuulizwa: kuangalia kiwango ni muhimu kuliko kubishana kuhusu kilomita. Gari inayokunywa oili inaweza kufika elfu nne ikiwa imebaki nusu, na wewe unangoja elfu tano ifike kwa sababu kadi imesema. Kwa gari nyingi kutoka alama ya chini mpaka ya juu ni kama lita moja. Gari imesimama mahali tambarare, injini imezimwa dakika chache, chomoa, panguza, rudisha, chomoa tena. Basi. Na ukikuta imezidi alama ya juu pia si sawa. Injini yangu, hii 1NZ, ikibadilishwa na filta inachukua lita 3.7, lakini galoni ni lita nne, na nimeshuhudia fundi mmoja akimimina mpaka tone la mwisho akitikisa galoni, ati isiharibike.

Ndani ya galoni

Hii ndiyo shaka ambayo sijaimaliza.

Namba zote za kitabu zinaamini kitu kimoja, kwamba kilichoandikwa nje ya galoni ndicho kilicho ndani. Kwa Nairobi hiyo ni imani kubwa. Oili feki ipo, si siri, Mamlaka ya Kupambana na Bidhaa Bandia imekamata mara nyingi. Sasa mtu akiuziwa maji ya rangi ndani ya galoni ya sinthetiki halafu aseme nimesoma makala naenda elfu kumi, ataua injini na atanilaani mimi.

Na nadhani hapa ndipo fundi wangu ana akili ambayo hakuieleza vizuri. Yeye hajui oili ilitoka duka gani, hajui mimi nakaa kwa jam masaa mangapi, hajui nitakumbuka kurudi ama nitapotea mpaka injini ianze kugonga. Akisema 5,000 na mimi nirudi kwa 7,000 kama kawaida yetu Wakenya, bado tuko salama. Akisema 7,500 nitarudi kwa elfu kumi na moja. Amenijua.

Lakini pia yeye hupata kitu kila nikirudi, wacha tusidanganyane.

Kwa hivyo nanunua mwenyewe, kwa kituo cha mafuta ama kwa wakala anayenipa risiti yenye jina la oili, si kwa kibanda kilicho mita mbili kutoka kwa garaji. Naangalia muhuri wa kifuniko mbele ya fundi. Na ikishamwagwa, galoni tupu naitoboa na bisibisi palepale kabla sijaondoka. Mara ya kwanza kijana wa pale aliniangalia kama nimemtukana, kwa sababu hizo galoni tupu zina wateja wake, na hao wateja hawaziweki maua.

Ah, na hii ya "gari imezeeka madam, tuweke nzito, 20W-50." Hapana. Injini yenye VVT-i, ule mfumo wa Toyota wa kubadilisha wakati wa valvu kufunguka, inatumia presha ya hiyohiyo oili kusogeza kamshafti, ule mhimili unaofungua valvu, kupitia vijia vyembamba na kichujio kidogo sana. Kitabu kimesema 5W-30 inaruhusiwa, naweka 5W-30.

Mahali nimesimama

Gari yangu, kwa hii njia yangu ya Kinoo: kilomita 6,000 ama miezi sita, sinthetiki, filta mpya kila mara. Kitabu kinaniruhusu 7,500, hiyo iliyobaki nimeitoa kwa ajili ya vumbi na kwa ajili ya shaka ya galoni. Nikihamia karibu na kazi nitahesabu upya. Binamu wa Nanyuki nimemwambia aende elfu kumi, akachelewa kuamini, akaenda kumuuliza fundi wake, fundi akamwambia oili ni damu ya gari. Amebaki kwa elfu tano. Ni pesa yake.

Kadi ya fundi sasa naiandika mwenyewe, tarehe juu, kilomita chini.

Vitz ya mama

Kazi ngumu imekuwa mama yangu. Vitz yake inaenda kanisani, sokoni Wangige, na kwa chama mara moja kwa mwezi. Kwa mwaka haifiki hata kilomita 2,000. Kadi yake bado inasema amebakisha zaidi ya elfu tatu, na kwa hesabu hiyo ataonana na fundi baada ya mwaka na nusu ama zaidi.

"Mama, hiyo oili imwagwe."

"Imwagwe ya nini na gari haijaenda popote?"

Hapo ndipo shida. Kila safari yake ni dakika kumi. Injini ikiwaka baridi inapewa petroli nyingi, nyingine inateremka pembeni mwa pistoni inaingia kwa oili, na mvuke wa maji unaotokana na kuungua pia unaingia. Ukiendesha safari ndefu oili inapata moto wa kutosha, hayo yote yanageuka mvuke yanatoka. Yeye akifika kanisani anazima kabla halijatokea hilo. Wiki ijayo anaongeza mengine juu yake. Nilifungua kifuniko nikaona ute wa rangi ya maziwa umejipaka chini yake. Kwa gari ya safari ndefu ningeshtuka nifikirie gasketi ya silinda hedi imeachia maji yanaingia kwa oili, lakini maji ya rejeta yake hayapungui, ni unyevu tu wa safari fupi.

Nikamweleza yote, nikamwonyesha na kifuniko. Akakiangalia kwa muda.

"Kwa hivyo mimi ninayeendesha kidogo nimwage sawa na wewe unayeendesha kila siku?"

"Ee mama. Miezi sita. Ama siku moja moja uipeleke mpaka Naivasha na urudi ipate joto."

Naivasha ameipenda sana, ametaja hadi samaki. Ya miezi sita amesema atakubali, Juni na Desemba, mradi mimi ndiye nitakuwa nanunua hiyo oili.